RCD inajikata kila usiku nyumba ya mawe Langoni, fundi kabadilisha mara 2 na bado

mkaLangoni
Asalaam aleikum wote, poleni na shughuli. Naomba msaada na samahani itakuwa ndefu manake nimechoka na hili jambo, nataka nilieleze lote mara moja.

Nyumba yetu iko Langoni hapa Lamu, nyumba ya mawe ya zamani ya marehemu bibi. Chini tunakaa mimi na mama na watoto, juu vyumba viwili tunakodisha wageni. Mwaka jana tulipofanyia bafu na jikoni marekebisho fundi akatoa lile boksi la zamani la fyuzi za waya akaweka boksi jipya, breka ndogo 6 na RCD moja kubwa, ile ya kukata stima ikivuja kwenda ardhini, imeandikwa 63A na 30mA. Miezi ya mwanzo raha tu. Tangu masika ianze hii RCD inajikata yenyewe. Breka ndogo zote zinabaki juu, ni hii kubwa tu inashuka pa! nyumba nzima giza.

Mchana huwa haina shida kabisa, inaanza magharibi, saa 1, saa 2, wakati mwingine mara tatu mpaka saa 4 usiku, halafu inatulia, halafu tena saa 11 alfajiri. Kuna siku haijikati hata mara moja. Tena nikichomeka pasi kule juu mara nyingi inajikata hapo hapo, fundi akasema pasi mbovu, nikanunua nyingine, ikawa vile vile, nikanunua ya pili, vile vile.

Fundi kabadilisha RCD mara mbili. Alikuja mchana akazima breka zote akawasha RCD ikakaa, akasema waya ziko sawa, ni stima ya kampuni inayocheza. Sasa anasema suluhisho ni kuitoa au aweke ya 300mA ambayo "haina wasiwasi". Mimi moyo unakataa. Mama yangu ana sukari na insulini yake iko kwenye friji, stima ikikatika saa 11 na sisi tumelala inakuwa mpaka tuamke, nimeanza kuiweka ndani ya mtungi wa udongo kwa usalama. Lakini pia sitaki mtoto anaswe na stima. Nifanyeje?

jamaa_barani
Dada toa tu hiyo kitu. Sisi nyumbani hatujawahi kuwa nayo tangu nizaliwe na hakuna aliyekufa. Hizi RCD ni za Ulaya kwenye hali ya hewa kavu, huku pwani na chumvi hii itakusumbua mpaka uchoke.

fundi_maweni
Dada wa Langoni usitoe na usikubali 300. Nafanya kazi ya stima hapa Malindi na nyumba za mwambao zote nazijua tabia, ngoja nieleze kwanza kwa nini usitoe halafu tuingie kwenye shida yenyewe.

Kaka jamaa_barani nakuheshimu lakini tupige hesabu. Nyumba zetu nyingi ethi yake ni fimbo ya shaba imepigwa chini nyuma ya nyumba basi. Fimbo nzuri kwenye mchanga wenye unyevu tuseme ina ohm 20. Siku laivu, ule waya unaoleta stima, ikigusa bodi ya friji, stima inayokwenda ardhini ni volti 240 gawanya kwa 20, yaani ampia 12. Breka ya soketi ni ya 32, haitashuka ng'o, hata fyuzi ya 13 iliyo ndani ya plagi haitakatika. Kwa hiyo friji inakaa na moto kwenye mlango mchana na usiku, inamsubiri mtoto aje peku peku na mikono ya maji. Kinachoikata hapo ni RCD peke yake. Breka ndogo inalinda waya usiungue, RCD ndo inamlinda mtu. Hiyo ya 300 ni ya kuzuia moto kwenye jengo, kwa mwili wa binadamu haitoshi, 30 iliwekwa kwa ajili ya mtu.

Sasa namna inavyofanya kazi, manake ukiielewa utaipata shida mwenyewe kwa kufikiri tu. Ndani yake laivu na nyutro zote mbili zinapita kwenye pete moja. Kinachotoka kwa laivu lazima kirudi kwa nyutro sawa sawa. Kikipungua, maana yake kuna njia nyingine kimepita kwenda ardhini, na upungufu ukifika popote kati ya mA 15 na 30 (mA ni sehemu moja ya elfu ya ampia) inaruhusiwa kujikata. Haijali umetumia stima nyingi au kidogo. Kwa hiyo pasi haijikatishi kwa sababu ni kubwa, hapo kuna kitu kingine, na umeshakisema mwenyewe bila kujua, nitarudi.

Naomba unijibu: (1) boksi la breka ndogo, kila breka ina waya mmoja umeingia au miwili? (2) ikijikata usiku na ukachomoa kila kitu, inakubali kurudi juu? (3) kuna pampu, mashine ya kufua, au heater ya kuogea? Na tafuta daftari uanze kuandika kila inapojikata, saa ngapi, nani alikuwa anafanya nini, mvua au jua. Usiache hata moja.

pampu_mayungu
Hilo la daftari nalipigia mhuri. Mimi niko Mayungu, nilisumbuka miezi na RCD yangu, mafundi watatu, kila mmoja na lake. Mke wangu ndo akaandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani, tukaja kugundua inajikata siku za bamvua tu, bahari ikijaa sana, na siku za maji mafu, bahari ikijaa kidogo, inakaa salama wiki nzima. Kumbe kisima chetu kiko karibu na bahari na maji yake yanapanda na kushuka na bahari, na ule mwunganiko wa waya wa pampu ulifungwa kwa tepu ya kawaida ukaning'inizwa juu ya maji, sasa bamvua likija maji yanaufikia. Tulipouvuta juu ilikuwa tepu imelegea na maji ya chumvi yanatiririka ndani. Tukafunga upya na ile ya kumwaga gundi, imekwisha hadithi.

Na dada kama una heater ya kuogea ya kichwani na maji yako ni ya kisima cha chumvi, iangalie sana hiyo. Ile waya wa kuchemsha unakaa wazi ndani ya maji, na maji ya chumvi yanapitisha stima kuliko matamu. Kuna za kisima maalumu, zimefunikwa.

mkaLangoni
Ahsanteni sana wote, nimesoma mara mbili. Kaka fundi majibu: breka ndogo kila moja waya mmoja tu, nyutro zote ziko pamoja pembeni kwenye kile kipande cha shaba. Pampu tunayo ndogo ya kupandisha maji kwenye tangi, iko nje kwenye kiwanda, yaani uani, heater hatuna, tunachemsha maji kwa gesi. Mashine ya kufua ipo juu.

Jana saa 2 usiku ilijikata nikazunguka nyumba nzima na tochi nikachomoa kila kitu, friji, chaja, tivii, pampu, mpaka ekstensheni ya wageni, kuchomoa kabisa siyo kuzima. Nikairudisha, ikajikata baada ya kama dakika 5. Nikashusha breka zote 6. Nikairudisha. Ikakaa kama dakika 10 hivi halafu IKAJIKATA TENA na breka zote ziko chini! Hapo nilisimama nikasema hii nyumba ina nini. Breka zote chini, hakuna hata taa moja inayowaka, stima inaenda wapi?

Saa 6 usiku nikajaribu tena, ikakaa mpaka alfajiri.

fundi_maweni
Dada hapo umefanya kazi ambayo fundi wako hakuifanya kwa miezi. Hilo jibu ndo nilikuwa nalitafuta. Una nyutro inayogusa ethi mahali. Karibu nina uhakika.

Sikiliza. Breka yako ndogo inakata laivu peke yake, ndo maana nikauliza waya mmoja au miwili. Ukiishusha, laivu imekatika lakini nyutro ya ile laini bado imeungana na RCD. Sasa kama kuna mahali nyutro imegusana na ethi, hata uzime breka zote ule mguso uko pale pale. Watu wengi wanadhani nyutro haina stima. Ina. Nyutro inayotoka kwenye nguzo huwa imepanda kidogo kuliko ardhi ya kwako, kwa sababu mzigo wa mtaa mzima unarudi kupitia waya huo huo. Mchana watu wako kazini, imepanda tuseme volti 1. Magharibi kila nyumba ya Langoni imewasha taa, feni, tivii, majagi ya umeme, imekuwa volti 4. Alfajiri watu wanaamka kuswali, wanawasha pampu na chai, inapanda tena. Umeona zile saa zako? Magharibi mpaka saa 4 na saa 11 alfajiri. Ni jirani zako hao.

Hesabu: tuseme ule mguso una ohm 60, na fimbo yako 20, jumla 80. Volti 1 gawanya 80 ni kama mA 12, RCD inakaa. Volti 4 gawanya 80 ni mA 50, inaruka. Fundi wako alikuja mchana akapima na breka chini, ikakaa, akaona waya sawa. Hakudanganya, alikuja saa mbaya tu.

Na pasi? Pasi ya wati 2000 inavuta ampia 8 na kidogo. Hizo ampia 8 zikirudi kwenye nyutro zinaipandisha nyutro ya nyumba yako, na sehemu ndogo inakwepa inapita kwenye ule mguso kwenda ardhini. Pasi nzima kabisa, iko juu, ubovu uko sehemu nyingine kabisa ya nyumba. Ungeweza kununua pasi 10.

Kuupata sasa. Hii kazi usifanye wewe, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, wale wasimamizi wa nishati wa serikali, na awe na mega, ile mita ya kupima kama plastiki ya waya inazuia stima, siyo testa ya bisibisi. Mein suichi izimwe, na akumbuke waya unaotoka kwenye mita kuja kwenye mein bado una moto hata mein ikizimwa, na sili ya mita isiguswe. Vitu vyote vichomolewe na balbu zitolewe manake mega inapiga volti 500 na inaweza kuua vitu vya elektroniki. Halafu atoe nyutro moja moja kwenye ile ba ya shaba, kila moja apime na ethi. Nzuri inatakiwa isome zaidi ya megaohm 1, yaani ohm milioni moja, na kwa waya za mwaka jana nategemea iende mbali zaidi ya hapo. Moja itasoma sifuri au karibu. Hiyo ndo yako. Akishaipata achukue multimita ya kawaida apime ohm, kama namba inachezacheza haitulii, na akigeuza ncha za mita inabadilika, hiyo ni chumvi na unyevu, siyo shaba imegusa shaba moja kwa moja.

Kama ni laini ya soketi iliyozungushwa raundi asihangaike kufungua soketi zote kwa mpango. Afungue ya katikati, atenganishe nyutro, apime upande huu na huu. Upande mbovu augawe tena katikati. Soketi 8 anamaliza kwa kufungua tatu.

jamaa_barani
Fundi hilo la ampia 12 limeniingia. Sijawahi kulifikiria hivo. Nyumbani kwetu friji inanisisimua mkono nikishika mlango huku niko peku, nilikuwa naona kawaida tu.

fundi_maweni
Kaka hiyo siyo kawaida, chomoa hiyo friji leo leo usingoje kesho. Halafu ita mtu apime ethi ya hapo, nyumba nyingi nikienda nakuta waya wa ethi umekatika pale kwenye kibano cha fimbo, chumvi imekula. Nakuomba sana.

babu_mkomani
Nimesoma nami niongeze neno la nyumba. Mwanangu mka Langoni, kuta za nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, wala si bloku. Ukuta wa matumbawe unavuta maji kutoka chini na unatoka jasho la chumvi, utaona ule unga mweupe unaomwagika chini ya lipu, na masika unazidi. Wazee hawakuwa na stima, na walipojenga walijua ukuta uvute pumzi. Sasa mafundi wa leo wanachimba ukuta wanatia boksi la chuma na kulisiliba saruji, maji yanakosa pa kutokea ila kwenye lile boksi.

Mwambie fundi aanze na ukuta unaopakana na birika ya choo, lile tangi la maji la kujengewa. Hata kama birika haitumiki tena kwa maji, ule ukuta haujawahi kukauka tangu nyumba ijengwe. Kwangu waya zimepitishwa nje ya ukuta ndani ya paipu za plastiki, juu zinafuata boriti. Si nzuri kwa macho lakini nazifikia na naziona.

mkaLangoni
Babu shikamoo, ahsante. Ukuta wa birika uko nyuma ya kabati la nguo la mama, na sasa ninapoandika nakumbuka kuna soketi hapo nyuma ya kabati! Tulihamisha kabati baada ya marekebisho, hakuna anayeitumia. Fundi mwingine nimempata, ana leseni nimeiona, anakuja Alhamisi. Nitaleta habari inshallah.

mkaLangoni
Jamani. Imepatikana. Naandika mikono bado ina vumbi.

Fundi alikuja saa 3 asubuhi. Nilimwonyesha maneno yenu kwenye simu, akasoma kimya kisha akasema huyu mtu anajua kazi. Akapima nyutro 6. Tano mita ikapitiliza mpaka mwisho wake. Ya soketi za chini ikasoma 0.00. Akachukua multimita, 58, halafu 71, halafu 52, akageuza ncha ikawa 90 na kitu, haitulii kabisa kama ulivyosema. Akataka kugawa katikati, nikamwambia kabla ya yote naomba tusogeze kabati la mama.

Ile lipu nyuma ya kabati ilikuwa imetoka jasho, ukipitisha kidole inabaki unga mweupe kwenye kidole, nikauonja ni chumvi tupu. Akafungua soketi. Skrubu moja ya kuishikilia soketi, ile ya upande wa kushoto, wakati wa kufunga ilikuwa imebana waya wa bluu kwenye boksi la chuma. Plastiki ya waya imekwaruzwa kadoa kama punje ya mchele, shaba inaonekana kwa mbali, na kati ya shaba na skrubu kumejaa uchafu wa kijani na mweupe, umelowa, unang'aa. Boksi limeungwa na ethi. Ndo mlango wenyewe huo, kadoa kama punje ya mchele kametunyima usingizi miezi miwili. Wakati wa kiangazi nadhani kalikuwa kakavu kakawa hakapitishi, masika ikakalowesha.

Akakata kile kipande cha waya, akapima tena, mita ikapitiliza mwisho kama zingine. Mama alikuwa amekaa kitandani anatazama, akapiga kigelegele.

Soketi ile nimemwambia aifunge kabisa, hatuihitaji, waya wameunganishwa na kutolewa nje ya ukuta kwenye boksi la plastiki juu kidogo ambapo ni pakavu. Hii ni siku ya nne sasa haijajikata usiku.

Ila kuna moja. Jana mchana ilijikata mara moja, wageni walikuwa watatu juu, kila mmoja na laptopu na chaja, mashine ya kufua inazunguka, na mimi nikawasha pampu. Nikairudisha ikakaa. Kuna mguso mwingine au hii ni nyingine?

fundi_maweni
Alhamdulillahi! Hiyo picha ya punje ya mchele nitawaeleza vijana wangu.

Hiyo ya mchana nadhani ni nyingine na siyo ubovu. Kila kitu cha elektroniki kina kichujio ndani ambacho kinapeleka kidogo kwenye ethi hata kikiwa kipya, laptopu chini ya mA 1 au zaidi kidogo, mashine ya kufua inaweza kufika 2 au 3. Kimoja kimoja hakina neno lakini zote zinajumlika kwenye RCD moja. Kanuni nzuri ni mzigo wa kawaida wa uvujaji usizidi asilimia 30 ya RCD, yaani kwa 30 isizidi mA 9. Mkiwa tayari mna 10 au 12, pampu inapoanza inasukuma kidogo tu imevuka. Fundi wako akiwa na klampu mita ya kupima uvujaji aifunge kwenye laivu na nyutro pamoja atasoma moja kwa moja. Na hiyo pampu apime peke yake kwa mega, iko nje kwenye unyevu.

Dawa ni kugawa nyumba. Badala ya RCD moja kwa kila kitu, kila laini ipate RCBO yake, hiyo ni breka ndogo na RCD ndani ya kimoja. Kama pesa haitoshi kwa zote mara moja anza na ya friji. Friji ya mama iwe na laini yake peke yake na RCBO yake, basi hata wageni wakifanya nini juu insulini iko salama. Ya mashine ya kufua chukua aina A, ya AC isiwe. Utaijua kwenye uso wake, ya AC ina alama ya wimbi moja tu, ya A ina wimbi na chini yake vilima vilivyokatwa nusu. Mashine za kisasa zinatoa uvujaji ambao ya AC haiuoni vizuri.

wageni_shela
Hongera dada, nimefuatilia tangu mwanzo. Mkigawa angalieni taa ya ngazi! Sisi Shela tulipogawa chini na juu, kila mtu akiwasha taa ya ngazi RCD zote mbili chini. Kumbe fundi wa zamani alichukua laivu ya taa za chini na nyutro akaiazima kwa taa za juu, karibu na swichi, akaokoa mita chache za waya. Ikiwa na RCD moja hutajua maisha yako yote, ukigawa tu stima inatoka mlango huu inarudi mlango ule, kila moja inaona upungufu. Mlipie waya urefu wake.

mkaLangoni
Wageni_shela umenifungua macho, sisi ngazi ina swichi mbili chini na juu, nitamwambia aiangalie kabla ya kununua chochote.

Kaka fundi, na ile kitufe cha T kwenye RCD, nikibonyeza ikijikata ina maana ethi yetu pia ni nzima?

fundi_maweni
Hapana, na vizuri umeuliza manake wengi wanaamini hivo. Kile kitufe kinatengeneza upungufu wa bandia humo humo ndani ya RCD, kinakuonyesha chuma chake bado kinaruka, ethi haihusiki kabisa. Bonyeza angalau kila miezi 6, na kwa hewa yetu ya chumvi mimi nasema kila mwezi, isije ikashikana kwa kutu. Fimbo ya ethi ipimwe na mita yake, na pale kwenye kibano paangaliwe kila baada ya masika, pakwanguliwe na kupakwa grisi.

Na hizo pasi za zamani kama hujazitupa, mpe fundi azipime na mega siku akija kwa ajili ya friji, laivu na nyutro zikiwa pamoja dhidi ya ethi. Ikisoma zaidi ya megaohm 1 ni nzima, rudi kuitumia.

mkaLangoni
Zipo zote tatu, ziko juu ya kabati la mama. Anakuja Jumamosi.